Shira Ishike, Hina Ikolee, Chokaa Isipukutike

Visheti vikitoka na mabaka, hulaumiwa sukari. Hina ikikolea viganjani ikakataa nyayoni, hulaumiwa muuza unga. Ukuta ukianza kupukutika kabla Idi haijafika, fundi husema chokaa ya siku hizi si chokaa. Mie kazi zangu zote ni za kupaka: hapa Wete, Pemba, napika vitafunio vya shughuli, napaka maharusi hina, na chokaa nimejifunza kwa marehemu baba, aliyekuwa mwashi wa nyumba za mawe. Ninachokiona mara nyingi ni kwamba kilichopakwa juu hakina kosa. Kosa liko kwa aliyepokea: kisheti kilikuwa na mafuta, mguu ulikuwa na losheni, ukuta ulikuwa mkavu wa jua la saa saba. Aliyepaka hakuutazama uso wa kitu kabla hajaanza.

Basi kila kazi naianza kwa swali hilo hilo: huu uso unataka uwe vipi ndipo ukubali? Kisheti kinataka kipoe na kikauke. Ukuta wa chokaa unataka ulowe. Mbao inataka ikauke mpaka ndani. Ngozi inataka iwe safi isiyo hata chembe ya mafuta. Ukishalijibu swali, yaliyobaki ni kupaka nyembamba na kungoja.

Visheti

Unga vikombe 3, samli vijiko 3 vya kulia, chumvi kidogo, na tui la kukandia. Sugua unga na samli kwa viganja mpaka ukiufumbata ushikane, ndipo utie tui kidogo kidogo. Kata umbo ulipendalo, kaanga kwa moto wa wastani mpaka viive ndani. Hayo wengi mnayajua na sikai hapo. Kazi ninayotaka kuieleza inaanza vikishatoka kwenye mafuta.

Vichuje, uvitandaze kwenye sinia lililotandikwa karatasi, visipandane, na uviache vipoe kabisa. Kisheti chenye mafuta juu hakishiki shira. Sukari huteleza ikabaki chini ya sufuria. Kilicho vuguvugu nacho kina mvuke ndani, na mvuke ukitoka huilowesha sukari iliyokwisha kukauka. Ndiyo maana vingine unavifunika usiku vikavu, asubuhi unavikuta vinanata. Kishike kwa vidole: kikiwa baridi na hakikuachii alama ya mafuta, kiko tayari.

Kwa kipimo hicho cha unga, shira ni sukari kikombe kimoja na nusu kwa maji robo tatu ya kikombe, na hiliki iliyotwangwa. Koroga kwa moto mdogo mpaka sukari iyeyuke yote, kisha utoe mwiko. Tangu hapo usikoroge tena. Chembe za sukari zikirukia pembeni mwa sufuria, zipanguse kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, maana chembe moja ikirudi ndani huwaita wenziwe kabla ya wakati na shira ikaganda mabonge. Iache ichemke. Chota tone, litie sahanini lipoe kidogo, libane baina ya kidole gumba na cha shahada, kisha uviachanishe polepole. Ukitoka uzi usiokatika upesi, imefika. Mwenye kipimajoto ataona nyuzi 110 au zaidi kidogo.

Sasa punguza moto, mimina visheti vyote kwa mara moja na uvigeuze kwa mwiko wa mti, kutoka chini kuja juu, kwa upole visivunjike. Shira itazidi uzito, itapoteza mng'aro, itaanza kuwa na ukungu mweupe. Epua hapo hapo, lakini mkono usisimame. Shira iliyofika hapa imebeba sukari nyingi kuliko maji yaliyobaki yanavyoweza kuihimili, na inatafuta pa kuganda. Ukigeuza bila kusita, inaganda kwa chembe ndogo sana, kote kwa pamoja, na kila kisheti kinapata weupe mwembamba uliosawazika. Ukisita ili umjibu mtu mlangoni, inaganda pale ilipotuama. Mie nikifika hatua hii simjibu mtu. Geuza mpaka usikie visheti vinagongana kikavu, kisha vitandaze tena vipoe kabla ya kuvitia koponi.

Ndimu usitie kabisa kwenye shira ya visheti. Ukali wa ndimu huivunja sukari ikawa ya namna nyingine isiyopenda kuganda, na utageuza mpaka mkono ufe ganzi bila kuuona weupe. Kwenye shira ya kaimati ndiyo utie, matone machache, kwa sababu kaimati tunazitaka zing'ae na shira ibaki ya maji maji. Sukari ni ile ile, sufuria ni ile ile. Tofauti ni kile unachotaka kikae juu.

Ubuyu unakwenda njia hii hii, ila una ukaidi wake. Ule unga mweupe ulioshika kokwa una ukali wake wa asili, kwa hiyo sukari yake haigandi ikawa ngumu ya kisheti; inabaki laini. Usiuoshe wala kuulowesha, maana utauondoa unga wenyewe. Rangi, hiliki, pilipili na arki (maji ya harufu ya kutia chakulani) vitie ndani ya shira kabla ya ubuyu, si juu ya ubuyu, la sivyo utapata kokwa moja nyekundu na nyingine ina aibu. Moto uwe mdogo, geuza mpaka kila kokwa iachane na mwenziwe, kisha tandaza kwenye sinia pana ikauke kwa upepo.

Katlesi, kachori na samaki wa kupaka

Katlesi zinazovua gamba mafutani zimeanza kuharibika kwenye sufuria ya viazi. Chemsha viazi na maganda yake visinywe maji, vimenye, virudishe kwenye sufuria tupu juu ya moto mdogo dakika 2 au 3 vitoe mvuke, ndipo uviponde. Ukishafinyanga, nyunyizia unga wa ngano mwembamba sana na ukung'ute uliozidi. Unga ule ndio unaolipa yai mahali pa kushika. Yai nalo lipige na chumvi kidogo, kisha liache dakika chache. Chumvi hulilegeza likaacha kuvutika nyuzi na likakaa sawa kote. Mkono mmoja uwe wa yai, mwingine wa chenga za mkate, na usiichanganye. Ukimaliza, zipumzishe kama robo saa kabla ya kukaanga, na usizisongamanize kwenye karai; mafuta yakipoa gamba hulowa na kuachana.

Kachori ni mambo hayo hayo kwa unga wa dengu. Chovya kidole kwenye unga ulioukoroga: ukiona mistari ya kidole, ni mwepesi, ukidondoka kwa mafundo, ni mzito. Mabonge ya viazi yawe yamepoa na makavu juu.

Samaki wa kupaka hukosewa na wale wanaopaka samaki mbichi. Samaki changu mkaushe vizuri kwa kitambaa, mkate mikato ya juu juu, mtie chumvi na ndimu, mchome kwanza mpaka ngozi ikauke na kushika rangi. Wakati huo tui zito lenye thomu (kitunguu saumu), tangawizi, bizari na ukwaju liko jikoni linapungua. Likiwa bado jepesi litadondokea makaani lote na utamlisha mgeni moshi. Likishashika nyuma ya kijiko, paka upande mmoja, acha ukauke, geuza, paka mwingine, kisha urudie. Safu nyembamba tatu zina ladha kuliko moja nene, kwa sababu kila moja imepata moto wake.

Hina

Unga wa hina uchekeche kwa kitambaa chepesi, si kwa chekeche ya jikoni. Ukande kwa maji ya ndimu na sukari kidogo, mpaka ukiinua kijiko hina iteremke polepole bila kukatika. Funika, ilaze usiku kucha. Asubuhi tazama: juu itakuwa imegeuka kahawia na chini imebaki kijani. Hiyo ndiyo dalili kuwa rangi imeachia.

Ngozi ndiyo inayoamua. Biarusi wangu namwambia mapema: tangu asubuhi usipake mafuta, losheni wala liwa, na visigino uvisugue kwa jiwe siku moja kabla. Akifika namwosha tena mikono na miguu kwa sabuni, namkausha mpaka baina ya vidole. Hata yule asemaye hakupaka kitu namwosha, kwa kuwa mkono uliomenya nazi asubuhi una mafuta.

Kwa hina ya kujaza nyayo, anza pembeni uje katikati, na unene uwe mmoja. Pakiwa pembamba hukauka haraka, na hina iliyokauka imekwisha kazi. Haitoi rangi tena. Ndiyo maana ikianza kukauka huwa naigusagusa kwa pamba yenye ndimu na sukari, ishike na ibaki na unyevu. Iache saa 6 kwa uchache, na ikilala naye ni bora. Isioshwe, ikwanguliwe, apakwe mafuta ya nazi, na maji ayakwepe mpaka kesho yake. Itatoka na rangi ya chungwa na wengine huanza kulia. Hina hukomaa siku ya pili. Kwa hiyo paka siku mbili kabla ya harusi, usipake usiku wa kuamkia.

Na jambo moja niliseme wazi kwa biarusi na mama yake: kiganja na unyayo vina ngozi nene na vitakolea, mgongo wa mkono ni mwembamba na utakuwa mwepesi zaidi. Unaweza kuupunguza utofauti kwa kurudia pale pembamba baada ya kukwangua, lakini hauondoki, na anayekuahidi vinginevyo atakupaka piko.

Piko nyeusi inayouzwa madukani, mara nyingi, ni rangi ya nywele. Ndani yake mna kemikali inayofupishwa PPD, na ngozi nyingine inaikataa kwa malengelenge na vidonda vinavyoacha alama. Mtu anaweza kupakwa mara ya kwanza akasalimika, ya pili ikamchoma. Mie siipaki kwa mtoto hata mamake akinibembeleza, na mtu mzima akiitaka namshauri ajaribu kitone kidogo nyuma ya sikio kwanza na angoje siku mbili. Akipata mwasho wowote, basi, maisha yake yote asiiguse, wala rangi za nywele za namna hiyo.

Ukuta wa chokaa

Nyumba zetu za zamani, za hapa Pemba na za Mji Mkongwe kule Unguja, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kwenye tanuu kutokana na matumbawe hayo hayo. Ukuta wa namna hiyo unapumua: unavuta unyevu wa ardhi na wa mvua, kisha unautoa nje. Ukiupaka rangi ya plastiki umeuziba. Maji yanakwama ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya rangi, na baada ya masika moja au mbili unaona mapovu, kisha rangi inamenyeka kwa vipande. Watu hurudia rangi ile ile na kulalamikia kampuni. Ukuta unataka chokaa, na chokaa ndiyo inayoukubali.

Chokaa ya dukani ya mfuko kwa kawaida imekwisha kuzimwa, yaani imekwisha kukutanishwa na maji. Iloweke maji usiku kucha na kuichuja kwa kitambaa. Ukipata mabonge mabichi ya tanuu, kumbuka kwamba yakikutana na maji yanachemka kweli kweli. Tia chokaa ndani ya maji kidogo kidogo, kamwe usimimine maji juu ya chokaa, na watoto wawe mbali. Vaa miwani na mikono uipake mafuta ya nazi. Ikikuingia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa muda mrefu, kisha nenda hospitali bila kungoja.

Kwanza, kwangua kila kinacholegea. Rangi ya plastiki ya zamani itoke yote, kwa kuwa chokaa haishiki juu yake. Sugua vumbi kwa burashi ngumu, osha kwa maji ya mvua au ya kisima kisicho na chumvi. Maji ya bahari usiyalete karibu na ukuta, hata kama nyumba iko ufukweni na kisima kiko mbali. Lowesha ukuta jioni, na uuloweshe tena kabla tu ya kupaka, uwe na ubaridi wa maji lakini usitiririke.

Hapa ndipo wanapokataa wanafunzi wangu, kwa kuwa kila rangi waliyowahi kushika iliwaambia ukuta uwe mkavu. Chokaa haikauki tu. Inavuta hewa, inachukua ile hewa ya ukaa na taratibu inarudi kuwa jiwe. Kazi hiyo inahitaji unyevu na muda. Ukuta mkavu unainyonya maji yake kwa dakika, inabaki unga, na kila anayeegemea anaondoka na mgongo mweupe.

Ikoroge iwe nyepesi kama maziwa. Ndiyo, nyepesi hivyo. Ukiipaka itaonekana haijafunika kitu, ukuta wa chini utauona, na mkono utakuvuta uongeze. Usiongeze. Inapokauka ndipo inapokuwa nyeupe. Aliyeipaka nzito ili ifunike mara moja ataipata imepasuka nyufa ndogondogo siku ya tatu. Paka kwa burashi pana, mara kwa njia ya mlalo, mara kwa njia ya wima, uingize ndani ya vinyweleo vya jiwe. Koroga ndoo kila baada ya kupitisha burashi mara chache, kwa sababu chokaa huzama, na usipokoroga juu ya ukuta utapaka maji na chini utapaka tope.

Baba alikuwa akifuata kivuli: ukuta wa mashariki alasiri, wa magharibi asubuhi, na adhuhuri anakaa barazani anakunywa kahawa. Sijaona njia bora. Ukilazimika kupaka penye jua, tundika magunia yaliyolowa mbele ya ukuta. Kila mpako ungojewe siku nzima, na kabla ya unaofuata nyunyiza maji tena. Ukuta mpya unataka mipako mitano. Wa zamani uliokuwa na chokaa, mitatu inatosha. Ukitaka rangi ndani yake, changanya ya mipako yote kwenye pipa moja, kwa maana ikiwa majimaji inaonekana imekolea mno na huwezi kuilinganisha kesho kwa macho.

Kuujaribu, ngoja wiki, kisha pangusa kwa kitambaa cheusi. Unga kidogo si neno. Kitambaa kikiwa cheupe chote, ukuta ulikauka haraka: unyunyize maji asubuhi na jioni siku chache, na huenda ukashika.

Mlango

Mbao ni kinyume cha ukuta. Wavuvi wanajua hili kuliko mafundi wa mjini: wakati wa bamvua chombo hupandishwa kwenye mchanga, huegemezwa, kikauke, kisha huchomwa kwa chini na makuti yanayowaka, kuwaua wadudu wanaotoboa mbao na kuufukuza unyevu wa maji. Deheni, yaani mafuta na chokaa, hupakwa mbao ikiwa kavu na bado ina vuguvugu, ili inywe. Na yote hayo yaishe kabla maji hayajarudi.

Mlango wa nyumba una bahati, haungojewi na maji. Lakini usiupake vanishi wakati wa masika; mbao ina maji ndani na hewa ina maji nje, na vanishi itakuwa na ukungu mweupe. Piga msasa namba 120 kisha 180, ukifuata njia ya nyuzi za mbao, kamwe usikate. Kwenye nakshi tumia kipande cha msasa kilichokunjwa na burashi ya meno. Pangusa vumbi kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, si chenye maji, na ungoje mbao ikauke.

Mpako wa kwanza uzimue kwa tapentaini, sehemu moja kwa vanishi tisa, uingie ndani ya mbao. Chovya theluthi ya nywele za burashi tu, paka, kisha pitisha ncha ya burashi kwa wepesi mara moja kutoka juu kwenda chini na uache. Anayerudi kuisugua ikiwa imeanza kushika anaacha mistari isiyotoka. Kwenye nakshi vanishi hujikusanya mabondeni. Ifuate kwa burashi kavu uinyonye kabla haijadondoka. Ngoja siku nzima, na siku za unyevu ngoja mbili. Ukigusa na kidole kisinate, pitisha msasa namba 240 kwa wepesi, pangusa, paka wa pili. Kwa mlango unaotazama bahari, paka na wa tatu.

Ukiwezekana, ng'oa mlango uulaze juu ya magogo mawili, maana kwenye bawaba hutaufikia ukingo wa juu na wa chini. Kwenye kingo hizo mbili ndiko nyuzi za mbao zilikokatwa, na maji hupandia humo. Zipe mpako mmoja zaidi kuliko uso wa mbele, na usiurudishe mlango kwenye fremu mpaka zikauke, kwa sababu wa chini ukigusa sakafu bado unanata utabandua kila ulichopaka.